Tapeti Zilizonyamaza

Siku za soko la Karatina, yaani Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, Phyllis alipika chai kwa kufuata sauti ya pikapu. Akisikia Wamae anafungua mlango wa gari, alitia majani kwenye sufuria. Injini ikiwaka, alitia maziwa. Injini ilipokuwa imepata moto wa kutosha kuteremka mlima, chai ilikuwa imeshaingia kwenye thamosi na viazi vitamu viwili vimefungwa kwenye karatasi. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kuyapanga.

Alhamisi hiyo maziwa yalikuwa bado mkononi mwake aliposikia injini inakwenda kama mtu anayechechemea, hatua tatu nzuri, ya nne hakuna. Moshi mweupe ulipita uani ukaingia jikoni. Kisha injini ikazimika.

Phyllis alitoka na kikombe cha maziwa. Mumewe alikuwa ameketi nyuma ya usukani, hajaribu tena kuwasha. Nyuma ya pikapu kulikuwa na magunia kumi na manne ya kabeji, na mwenye kabeji, Gathogo, jirani wa ng'ambo ya kijito, alikuwa amesimama langoni na kofia yake ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Wamae, hii gari yako iko na kikohozi," Gathogo alisema. "Ama ni baridi?"

"Ni dizeli mbaya."

"Ati dizeli. Sasa kabeji yangu ikae hapa ikingoja dizeli ipone?"

"Nipe dakika tano."

"Mimi niko na dakika. Kabeji ndiyo haina."

Wamae alijaribu mara tatu. Mara ya tatu betri ilikata kauli. Gathogo alitoa simu, akampigia mtu mwingine mwenye pikapu, na alizungumza kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Ilibidi Wamae ashuke, asaidie kushusha magunia kumi na manne kutoka kwenye gari lake na kuyapandisha kwenye gari la mwingine. Alipotupa gunia la mwisho, dereva yule mgeni alimpa shilingi hamsini, akidhani ni mpakiaji. Wamae alizipokea. Phyllis aliona, akarudi jikoni asionekane kuwa ameona.

Kitu kimoja kilikuwa kimemsumbua Phyllis tangu Januari, nacho ni kwamba gari lilikuwa limenyamaza.

Injini ya zamani ya dizeli huwa na mlio wake mdogo juu ya muungurumo, tikitiki kama cherehani. Huo ni mlio wa tapeti, vile vyuma vinavyobonyeza valvu zifunguke na kufunga. Kati ya chuma na valvu lazima ibaki nafasi nyembamba sana, na nafasi hiyo hupotea au kuongezeka kadiri gari linavyofanya kazi. Wamae hakuwahi kumlipa fundi kwa kazi hiyo. Kila baada ya miezi michache, Jumatatu asubuhi kabla injini haijaguswa na moto, alifungua kifuniko cha juu, akatoa fila yake, vibati vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama kisu cha kukunja, na kuingiza kibati katika kila nafasi. Kibati namba kumi kwa valvu ya hewa, namba kumi na mbili kwa valvu ya moshi. Kibati kikipita bure, nafasi ni kubwa. Kikikwama, ni ndogo. Kinatakiwa kivutwe kwa uzito kidogo, kama ukurasa wa Biblia unaouvuta huku mtu ameweka kiganja juu ya kitabu.

Phyllis ndiye aliyezungusha. Alipiga magoti mbele ya gari, akashika spana kwenye nati kubwa, na kuizungusha injini kidogo kidogo mpaka alama ifike mahali pake na mumewe aseme simama. Mwanzoni alikuwa mkono tu. Baadaye alijua. Valvu za silinda ya nne zikicheza, moja ikipanda na nyingine ikishuka, unapima ya kwanza. Za tatu zikicheza, unapima ya pili. Namba za silinda hizo mbili zikijumlishwa lazima zifike tano. Siku hizi alisimama kabla hajaambiwa, na Wamae alikuwa akisema, "Huyu mwanamke atanifukuza kazi."

Lakini Januari, walipomaliza, gari liliwaka bila ule mlio wa cherehani. Majirani walisifu. Gathogo mwenyewe alisema gari sasa limenyamaza kama la waziri. Wamae alicheka, akapiga boneti kofi la upendo. Phyllis alikumbuka maneno ambayo mumewe huyo huyo alikuwa akimwambia miaka yote: tapeti inayolia ni kelele tu, iliyonyamaza ndiyo inaunguza valvu. Aliyafikiria maneno hayo usiku mmoja na asubuhi moja. Kisha akajiambia kuwa mwenye gari anajua gari lake.

*

Trekta lilivuta pikapu hadi gereji ya Rashid, nyuma ya soko la Karatina. Rashid alikuwa mtu wa Majengo, mjini Nyeri, aliyefungua gereji Karatina kwa sababu huko ndiko magari huzidiwa mizigo. Hakuwa msemaji. Alifungua kifuniko, akachukua fila yake, akajaribu kuingiza kibati chini ya chuma cha kwanza. Hakikuingia. Akajaribu cha pili. Akachagua kibati chembamba zaidi, kisha kingine chembamba kuliko hicho. Alipita zote nane kimya. Baada ya hapo alifungua kichwa cha injini chote, na saa sita mchana aliwaita Wamae na mkewe.

"Mzee Wamae, angalia." Alikuwa ameshika valvu. Ukingo wake ulikuwa umeliwa upande mmoja, kama biskuti iliyoumwa na mtoto. "Hii ni ya moshi, silinda ya tatu. Ya kwanza pia imeanza. Zilikuwa zimekazwa, hazifungi vizuri. Moto unapita hapo kila wakati."

Kulikuwa na watu kwenye gereji. Madereva wawili wa malori, mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi, na Gathogo, ambaye alikuwa amemaliza kuuza kabeji zake na kupita kuona, kama alivyosema, mgonjwa anaendeleaje.

"Nani aliseti hizi tapeti?" Rashid aliuliza.

Wamae alijua. Alikuwa amejua tangu Krismasi kwamba vidole vyake vimekufa ganzi. Ilianzia kwenye ncha, ikapanda taratibu. Mwaka uliotangulia daktari alimwambia ana sukari, akampa dawa, na alizimeza kwa uaminifu, lakini ganzi hakuitaja kwa mtu. Januari ile alivuta kibati na hakuhisi kitu, si uzito wala wepesi. Akakaza skrubu mpaka alipoona kwa macho kwamba kibati kinakataa kutoka. Alifanya hivyo mara nane.

Sasa watu sita walikuwa wakimtazama mikono. Alifungua mdomo.

"Naseti mimi," alisema. "Lakini mama huyu ndiye huzungusha. Nafikiri alipitisha alama."

Gathogo alidakia papo hapo.

"Haiya. Mama Wachuka, kumbe ni wewe umeua gari?"

Dereva wa lori alicheka. Phyllis alimtazama mumewe, na mumewe alikuwa akiitazama valvu.

"Labda nilipitisha," Phyllis alisema. "Siku hiyo kulikuwa na ukungu."

Rashid aliiweka valvu juu ya kitambaa. Alingoja Wamae aondoke na Gathogo kwenda kutafuta chai, ndipo akamwita Phyllis kando, karibu na mapipa ya oili.

"Mama, samahani. Hilo la kuzungusha si kweli."

"Unasema nini?"

"Mtu akipitisha alama, chuma kinakuwa kimeshaanza kubonyeza. Anayepima ataona hakuna nafasi, atalegeza. Gari litapiga kelele. Haliwezi kukazwa kwa kosa la kuzungusha. Na hizi zote nane zimekazwa sawasawa. Huo ni mkono." Alijifuta vidole kimoja kimoja. "Mkono wa mzee uko sawa?"

Phyllis alijua habari ya kulegea na kukaza kabla Rashid hajasema. Alikuwa ameijua pale pale alipoambiwa amepitisha alama.

"Mkono wake uko sawa," alijibu. "Mimi ndiye nilikuwa na haraka. Andika bei."

*

Kwa kuwa kosa lilisemekana ni la Phyllis, mtamba wa Phyllis, ng'ombe wake ambaye alikuwa hajazaa bado, ndiye aliyeuzwa.

Hakuna aliyetamka hivyo. Wamae alikaa jioni nzima akigeuza karatasi ya bei ya Rashid, akisema pengine valvu za mitumba zingepatikana Kagio. Phyllis alisema za mitumba zingeungua tena. Wamae akasema mwaka huu kahawa huenda italipa vizuri. Phyllis akasema kahawa hulipa ikitaka. Mwishowe alisema mwenyewe, "Kuna mtamba." Wamae alisema, "Huyo ni wako, ulimnunua na pesa za chama." Phyllis alisubiri aseme neno jingine. Mumewe aliikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Mtamba alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mnunuzi alimtoa zizini na kamba mpya, akalalamika kuwa miguu ya nyuma ni myembamba ili apunguze bei, na Phyllis akakubali kupunguza kwa sababu hakutaka kumsikia mnyama wake akisemwa.

Alimpigia Wachuka, binti yao, aliyefanya kazi katika duka la dawa Kerugoya. Alitaka kusema habari ya mtamba lakini akajikuta anauliza kitu kingine.

"Huu ugonjwa wa sukari, unaweza kufanya nini mikono?"

"Mikono? Baba ako na shida ya mikono?"

"Nimeuliza tu. Kuna mama wa kanisa."

"Inaua hisia, Mum. Miguu kwanza, saa ingine mikono. Mtu anaweza kujichoma na asijue. Huyo mama aende kliniki mapema, asingoje kidonda. Wakingoja wanakatwa. Ni mama gani?"

"Humjui," Phyllis alisema.

Alikaa na simu mapajani. Alikuwa ameona mambo. Alikuwa amemwona Wamae akishika sufuria ya uji kwa mkono mtupu na kuibeba mpaka mezani. Vifungo vya shati siku hizi alifunga akiwa mbele ya kioo. Mara mbili alikuwa amemuuliza, na mara zote mbili alijibu, "Nimezeeka, mama. Ulitaka nibaki kijana?" Aliogopa kuuliza mara ya tatu. Aliona kwamba akimlazimisha kusema ya mkono, atakuwa amemlazimisha kusema na ya gereji, na mtu hawezi kuvuliwa nguo mbili kwa siku moja.

Jumapili, baada ya ibada, akina mama walikuwa wakigawa chai nje ya kanisa. Phyllis alichukua birika kama kawaida yake. Mke wa Gathogo, Wakonyo, alimpokonya kwa mzaha.

"Wewe ukizungusha chai, utasimama kwa alama kweli?"

Walicheka wote. Phyllis alicheka pia, kwa kuwa asipocheka ndipo ingekuwa kweli. Wamae alikuwa hatua nne kutoka pale, na kikombe amekishika kwa mikono miwili. Alisikia kila neno. Alikunywa chai yake.

*

Pikapu lilirudi baada ya wiki mbili, na kelele zake za cherehani. Rashid alimpa Wamae maagizo mbele ya mkewe.

"Kichwa kimefunguliwa, kwa hivyo kitakaa upya. Tembea nalo wiki moja, halafu uniletee nikaze nati na niangalie tapeti tena. Sitakulipisha."

"Tapeti za gari yangu naseti nyumbani."

"Mzee, ni nusu saa tu."

"Rashid, nimeziseti kabla hujajua kushika spana. Nati kaza wewe. Tapeti niachie."

Rashid alimtazama Phyllis. Phyllis alitazama chini. Wote watatu walijua kwamba valvu zikiungua tena hakuna mtamba mwingine, na hakuna anayempa kabeji mtu ambaye gari lake limemwangusha mara mbili.

Rashid alikaza nati Jumamosi jioni, na pikapu likalala uani likapoa mpaka Jumatatu. Jumanne ilikuwa ya soko, kwa hivyo kazi ilikuwa ifanyike asubuhi hiyo hiyo ya Jumatatu. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka msituni mpaka kwenye migomba. Phyllis alitandika gunia mbele ya gari, akapiga magoti, akashika spana.

"Zungusha," Wamae alisema.

Alizungusha. Aliziona kichwani valvu za silinda ya nne, moja inapanda na nyingine inashuka.

"Simama."

Alikuwa ameshasimama. Juu yake alisikia bisibisi ikigeuka, nati ikikazwa, kisha ukimya mrefu wa mtu anayepima.

"Sawa. Zungusha."

Phyllis hakuzungusha. Alinyanyuka, magoti yakimlia, akazunguka upande wa mumewe. Kibati cha kumi na mbili kilikuwa bado chini ya chuma. Alikishika kwa ncha za vidole akakivuta. Hakikusogea.

"Imekazwa hii," alisema.

"Iko sawa."

"Baba Wachuka, imekazwa."

"Umekuwa fundi sasa? Rudi kwa spana."

"Vuta wewe nione."

Wamae alikivuta. Alivuta huku anamtazama mkewe usoni, kwa hasira, kama mtu anayethibitisha jambo lililo wazi. Kibati kilipinda, kikachomoka ghafla, na ukingo wake ukapita katikati ya kidole cha shahada na kidole gumba. Damu ilikuja papo hapo. Ilitiririka kwenye kiganja, ikadondoka juu ya injini, matone mawili, matatu. Wamae aliendelea kumtazama.

"Si umeona imetoka?" alisema. "Ni uzito tu kidogo. Hivyo ndivyo inatakiwa."

Phyllis alifungua fundo la leso yake, akaushika mkono wa mumewe, akaanza kuufunga. Hapo ndipo Wamae alipoangalia chini, akaona leso inabadilika rangi.

Aliuangalia mkono ule kwa muda. Kutoka ng'ambo ya kijito walisikia Gathogo akimfokea ng'ombe.

"Tangu lini?" Phyllis aliuliza.

"Krismasi. Labda kabla."

"Kwa Rashid ulijua si mimi."

"Nilijua."

"Mtamba wangu ameenda, Baba Wachuka. Na hata ungeniambia usiku, tukiwa wawili, ningemtoa bila neno. Lakini kanisani wananicheka. Mimi nimezungusha hii gari miaka ishirini na sita."

"Hujawahi kupitisha alama," Wamae alisema. "Hata siku moja."

Aliketi kwenye bampa. Phyllis alibaki amesimama, ameshika ncha ya leso ili isifunguke.

"Leo nitaenda kwa Gathogo," Wamae alisema. "Nitamwambia ni mimi. Nitamwambia na mkewe akiwa hapo, na nitamwambia Rashid. Na kliniki utanipeleka. Hayo nitafanya. Lakini si hayo nilikuwa nataka kusema."

"Sema basi."

Alikuwa mtu wa kusema mambo ya magari, na hili halikuwa la gari.

"Jana mchungaji alisema tushikane mikono tuombe. Nikanyoosha wangu upande wako, nikafunga macho. Nikangoja. Aliomba yote, mvua, wagonjwa, watoto wa shule, na mimi nikawa nasema moyoni, amekataa. Amekataa kunishika, na ako na haki. Aliposema amina nikaangalia chini. Mkono wako ulikuwa ndani ya wangu. Sijui ulikuwa hapo tangu saa ngapi. Phyllis, mimi sikujua umenishika."